Laini ya Nusu Bei

"Mama Violeth, hivi huyo bwana anayekupigia kila jioni, anakupigia kwa hela ya nani?"

Ndivyo alivyoniuliza Mwanne siku moja, tumekaa uani kila mtu na jiko lake. Mwanne ni jirani yangu. Chumba chake na changu vinatazamana kwenye nyumba tunayopanga hapa mtaa wa Gerezani, na tangu nimjue sijamwona akimeza swali.

"Kwa hela yake," nikamjibu.

"Muda wote ule?"

"Haikati."

"Haikati kivipi, shoga? Mimi nikinunua dakika, nikishasema haloo na za huko, nasikia tii, kwisha. Sijafika hata kwenye shida yenyewe."

Nikacheka, nikamweleza. Vitalis ameajiriwa kampuni ya simu, kwenye duka lao la Kariakoo, jirani na kibanda changu cha vifungo na nyuzi. Kampuni yao inawapa wafanyakazi nafasi ya kuleta watu wao. Mfanyakazi akikuleta, vifurushi unalipia nusu bei, na wote mlioletwa naye mnakuwa kundi moja, mnapigiana bure. Kila mwanzo wa mwezi mnatumiwa meseji ya kukumbushwa kulipia, yenye majina ya kundi zima.

"Aah, hiyo!" Mwanne akapiga paja. "Si ndiko aliko Idrisa, mtoto wa marehemu dada yangu? Na yeye kamwingiza yule binti wa Buguruni anayetaka kumwoa. Kanionyesha mwenyewe kwenye simu, jina la binti, halafu pembeni yake 'mchumba'. Wewe wamekuandika nani?"

Nikainamia jiko, nikaendelea kupepea.

"Mama Violeth, mkaa umeshika zamani. Unapepea nini?"

Waliniandika dada.

Meseji ya kwanza ilipoingia niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Mama wa Vitalis alikuwemo, dada yake Joyceline alikuwemo, halafu mimi: Evarista, dada. Nilipomuuliza Vitalis alicheka kile kicheko chake cha chinichini, akasema, "Mambo ya kompyuta hayo, Eva. Inataka ndugu tu, mchumba haimjui." Nikaridhika. Mtu aliyeishia darasa la saba atabishana nini na kompyuta? Kumbe kompyuta inamjua mchumba. Tena inamjua mpaka wa Buguruni.

Jioni ile alipopiga nilikuwa nimejiandaa kumuuliza. Nilishapanga na maneno. Lakini yeye akaanza na swali lake lilelile la kila siku.

"Umekula?"

Maneno yote yakanipotea.

Mtu ambaye hajafiwa na mwenzake hawezi kujua uzito wa swali hilo. Tangu tumzike Zakayo wangu watu wameniuliza mengi. Wameniuliza kama nitarudi kwetu Masasi, kama ndugu wa mume wamenisumbua, kama Violeth ada yake ya uuguzi inalipwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Mchana Kariakoo haikuachii nafasi ya kuwa mpweke. Wapagazi wanakupigia kelele upishe, mikokoteni inakukanyaga, mteja anataka zipu ya rangi ambayo Mungu hakuiumba. Lakini ukishafunga kibanda, ukavuka barabara ya mabasi ya mwendokasi, ukafungua kufuli la chumba chako, unakutana na kimya chako kimekaa kitandani kinakungoja. Miezi mingi baada ya msiba nilikuwa bado nasonga ugali wa watu wawili. Nilikuwa siukusudii, mkono ndiyo ulikuwa umezoea.

Vitalis aliingia kwenye maisha yangu kwa kifungo. Alikuja kibandani shati la kazi limeachia kifungo cha kifuani, ana haraka, bosi wao yuko njiani.

"Nishonee hapahapa, mama. Sina la kubadili."

Nikamshonea akiwa amelivaa. Ilibidi nisogee. Nilisikia moyo wake unavyokwenda, nikajitahidi niangalie sindano tu. Nimezoea kukata uzi kwa meno. Siku hiyo niliutafuta mkasi.

Alirudi kesho yake, kifungo kimekaza, hana la kushonewa. Akarudi tena. Siku aliyoniona nahangaika kumpigia Violeth na dakika zinakata, ndipo aliponipeleka dukani kwao kunisajilia laini mpya. Kile kimashine kilikataa kidole changu. Vidole vya mtu anayeshinda na sindano vimechubuka, alama hazisomeki. Vitalis akakichukua kidole gumba changu, akakipangusa kwa leso yake, akakibana kwenye kioo na kukishikilia kwa kidole chake. Mashine ikakubali. Yeye hakuachia upesi, na mimi, Bwana anisamehe, sikukivuta.

Basi tukawa tunaongea kila jioni. Tulisali hata rozari kwenye simu, yeye anaanza Salamu Maria, mimi namalizia, na kule mwisho wa fumbo tunanyamaza wote wawili. Kile kilikuwa kimya cha aina nyingine. Nilikuwa nimekisahau.

Kwa hiyo alipouliza kama nimekula, nikasema ndiyo, na nilikuwa sijala.

*

Kumbe wakati mimi nameza swali langu, huko Kibosho, kwao Vitalis, kuna mtu alikuwa na la kwake.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Napanga vifungo vya makoti, nikaona mwanamke amesimama mbele ya kibanda. Mnene, amevaa vizuri, mkoba wa bei. Hagusi bidhaa. Ananiangalia mimi.

"Karibu, dada. Kifungo, zipu?"

"Wewe ndiye Evarista?"

"Ndiye."

Akaniangalia paji la uso, akashuka kwenye pua, akatulia hapo. Mara macho yakamjaa machozi.

"Mae! Pua ya baba," akasema. "Pua ya baba ileile!"

Kabla sijajua la kufanya akawa ameshazunguka meza, amenikumbatia, analia kwenye shingo yangu. Wapagazi wakapunguza mwendo watazame.

"Shikamoo dada yangu. Mimi Joyceline. Tusamehe, jamani. Hatukujua kama upo."

"Marahaba," nikasema, maana ndicho kilichokuwa karibu mdomoni. "Mama, umenifananisha."

"Nikufananishe na nani? Nimeziona meseji mwenyewe. Mama naye anazipata. Mwezi huu katekista alipita kumsalimia, mama akampa simu amsomee. Akasoma, 'Joyceline, dada. Evarista, dada.' Mama akamwambia rudia. Akarudia. Mama mimba zake anazijua zote, na Evarista hajamzaa." Akapangusa machozi. "Akakaa siku nzima hajala. Jioni akanipigia. Akasema, baba yenu ameniachia mtoto nje na kaburini ameingia hajaniambia. Nikambana Vitalis. Nikamuuliza, huyu ni mtoto wa baba? Akainama. Nikajua."

"Akainama?"

"Akainama hivi. Hakusema kitu. Ndiyo akanielekeza hapa kwako."

Nilishika ukingo wa meza. Joyceline hakuona, alikuwa anatafuta leso kwenye mkoba.

"Jumapili unakuja kwangu. Naishi hapo Mtaa wa Sikukuu, juu ya duka letu. Mama ametuma ndizi kwa basi, na ametuma isale. Unaijua isale?"

"Siijui."

"Ni jani. Kwetu mtu aliyekosa analifunga fundo analipeleka kwa aliyemkosea. Huyo akilipokea, yameisha. Na halikataliwi, dada yangu. Mtu hakatai isale." Akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Miaka yote hiyo uko peke yako mjini hapa na sisi tupo! Umeolewa?"

"Nilifiwa."

"Pole. Pole sana, dada. Sasa una watu."

Akaondoka na kuniachia harufu ya manukato yake kwenye kanga. Nikakaa kwenye stuli. Sitaficha, maneno yale yaliniingia. Sasa una watu. Nilijiona Jumapili baada ya Jumapili napanda ngazi za nyumba yenye kelele za watoto, nimepakuliwa sahani, naitwa shangazi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Hata uongo nisingeusema kwa mdomo wangu.

Vitalis alikuja wakati wa kufunga. Alisimama mbali kidogo, kama mteja asiye na hela.

"Amekuja?" akauliza.

"Amekuja. Ameiona pua ya baba yako."

Hakucheka. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala.

"Eva, ngoja nikueleze."

"Idrisa wa dukani kwenu amemwandika mchumba wake mchumba. Anza hapo."

Akatazama chini. "Nilijua mama atasomewa. Mimi ni kitinda mimba, Eva. Kihamba cha baba, shamba na nyumba, ni changu, na mama anataka nilete atakayekaa pale, amzalie wajukuu pale. Kaka yangu Elisaria alioa ambaye mama hakumtaka, mpaka leo hajakanyaga nyumbani. Mama alilazwa. Nikaogopa."

"Ukaona bora niwe dada."

"Nilijua hatauliza! Nani anajali zile meseji?"

"Mama yako anajali. Mwanao yuko mbali, jina lake limeingia kwenye simu yako, utaacha kutaka kusomewa?"

Akasogea, akaweka mkono mezani karibu na wangu. Haukunigusa.

"Jumapili pokea tu. Nakuomba. Ukishapokea utakuwa unaingia nyumbani, unatoka, hakuna wa kukuuliza. Watakupenda. Joyceline ameshakupenda. Halafu taratibu, mimi nitawaambia."

"Taratibu mpaka lini?"

"Mama ana presha, Eva."

"Na baba yako?"

"Baba si alishafariki."

"Ndiyo maana nakuuliza. Amelala kaburini, hawezi kujitetea. Kwa ajili ya kifurushi cha nusu bei mama yako leo anaamini alilala pembeni ya mtu asiyemjua."

Alifunga macho. Nilitamani kumshika uso, namna alivyokuwa ameshikwa na aibu. Nilimpenda hata pale. Pengine pale ndipo nilipompenda zaidi, maana nilimwona alivyo, na moyo haukurudi nyuma.

"Nitakuja Jumapili," nikamwambia. "Lakini wewe ndiye utakayesema. Mimi sitakusemea. Ukisema mimi ni nani wako, hata mama akikasirika, nitakaa kwenye hasira hiyo pamoja na wewe. Nimeshazika mume, Vitalis. Hasira ya mama mkwe haiwezi kuniua."

Mkono wake ukasogea, kidole kikagusa kidole.

"Nitasema," akasema. "Haki ya Mungu, Eva, nitasema."

*

Jumapili nilisali misa ya kwanza, nikavaa kitenge ambacho sikuwa nimekivaa tangu kuvua nguo za msiba. Mwanne akanizunguka uani akinikagua.

"Unaposwa?"

"Niombee tu."

"Mimi dua zangu na zako zinapita njia tofauti," akasema, "lakini nitaomba." Akaninyoosha pindo.

Kwa Joyceline kulikuwa na harufu ya mtori mpaka kwenye ngazi. Sebule imepangwa viti, ndizi zimelazwa pembeni, na juu ya meza, kwenye sinia lenye kitambaa cheupe, jani refu la kijani lililofungwa fundo katikati. Nikavua viatu mlangoni. Vitalis alikuwa ameshafika, amekaa kiti cha kona. Amevaa shati lile la kifungo changu. Nikaona ni dalili njema.

Tukatazamana. Akatikisa kichwa kidogo, kama kusema subiri.

Nikasubiri. Tulikunywa soda, nikasubiri. Joyceline akanionyesha picha ya baba yao ukutani, mzee mwembamba mwenye kofia, macho ya upole. Vitalis hakuinua uso kuitazama. Joyceline akasema, "Sasa tumpigie mama, anangoja toka asubuhi. Uzuri hii ya kundi letu ni bure, tutaongea mpaka achoke yeye." Akapiga, akaweka spika, akailaza simu mezani kando ya sinia.

"Haloo? Amekuja?" Sauti ya mzee, imechakaa lakini imenyooka.

"Amekuja, mama. Yuko hapa anakusikia."

"Mwanangu."

Nikaisogelea simu. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi maneno mengi sina. Nimekaa na mume wangu mpaka nikamfumba macho, na sikujua kama ana mtoto anahangaika Dar es Salaam. Kama aliogopa kuniambia, basi mimi ndiye niliyemtisha. Nimemlaumu siku hizi, nimemlaumu sana, nimeshindwa hata kwenda kupalilia kaburi lake. Lakini wewe huna kosa. Pokea hilo jani, unisamehe, uje nyumbani nikuone."

Joyceline alikuwa amelinyanyua jani kwa mikono miwili, ananiletea, machozi yanamtoka. Nikamtazama Vitalis. Alikuwa amekunja mikono katikati ya magoti. Nilimtazama nikimwomba kwa macho. Sema sasa. Neno moja tu.

Hakusema.

Nilifikiria kaburi lisilopaliliwa. Nilimfikiria Zakayo, nani angekuja kumtetea kama watu wangemzushia na mimi nimekaa mbali, nimeamini.

"Mama," nikasema, "nenda kapalilie kaburi."

"Unasemaje?"

"Mume wako hakukukosea. Mimi baba yangu amezikwa Masasi, namjua, na ni mwingine. Mzee wako hana mtoto nje. Siwezi kulipokea jani, si kwa dharau. Ni kwamba hamjanikosea kitu."

Joyceline akabaki amesimama, jani mikononi. Nje mtu alikuwa anapitisha mkokoteni akipiga mluzi. Kwenye simu tulisikia pumzi ya mama, inaingia, inatoka. Halafu nikasikia analia, kilio kile cha mtu aliyetua mzigo. Akasema jina la mumewe, taratibu, kama anamwita aje mezani.

Alipoongea tena sauti ilikuwa imekaza.

"Vitalis yupo?"

"Nipo, mama."

"Huyu mwanamke ana adabu. Ni nani wako?"

Chumba kizima kikamgeukia. Joyceline akamgeukia. Hata mzee kwenye picha niliona kama anamgeukia. Vitalis akafungua mdomo, akanitazama, na kwa kitambo kidogo nilimwona mle ndani ya macho yake, mtu wangu wa jioni, anayeuliza kama nimekula. Moyo wangu ukasimama kumpokea.

"Ni..." akasema. "Ni mteja, mama. Mteja wangu wa pale dukani. Nilimsaidia tu apate lile punguzo."

"Mteja," mama akarudia.

"Ndiyo, mama."

Joyceline alinitazama. Alitazama kitenge changu kilichopigwa pasi, akatazama macho yangu, na mwanamke ni mwanamke. Akaelewa. "Vitalis," akanong'ona, "wewe Vitalis."

Yeye alikuwa ameshaangalia sakafu.

Nikafungua mkoba, nikatoa simu yangu ya kitochi. Nikatoa mfuniko wa nyuma, nikatoa betri, nikachomoa laini kwa ukucha. Ni kitu kidogo sana, laini. Usingedhani sauti ya mtu inaweza kuenea mle. Nikamwendea Joyceline, nikalichukua lile jani mikononi mwake taratibu, akaniachia. Nikaenda mpaka kwenye kiti cha kona. Vitalis akainua uso. Kifungo cha kifuani kilikuwa palepale, uzi wangu bado mweupe.

Nikamfungua kiganja, kama alivyonishika siku ile ya kimashine. Nikamwekea jani lenye fundo, alipeleke yeye mwenye kosa, na juu ya jani nikaweka laini yake. Nikamfunga vidole.

"Haloo?" mama alikuwa anaita pale mezani. "Haloo? Mbona kimya? Bado mpo?"

Nikavaa viatu vyangu mlangoni, nikashuka ngazi.